Aunsi Nane

Jumamosi asubuhi, kabla mlango wa duka la Tuttle haujafunguliwa, Twyla Haskett alikuwa ameshasimama mbele yake na faili lake la kuponi kwapani. Nyuma yake wanawake kumi na mmoja walikuwa wamepanga foleni bila kuambiwa na mtu. Hao walikuwa wanafunzi wake. Kila Alhamisi jioni aliwafundisha kutumia kuponi, vile vikaratasi vya punguzo vinavyokatwa gazetini, katika chumba cha chini cha kanisa la Blevins Fork, na mchungaji wa kanisa hilo angetoa chochote ili naye asikilizwe nusu ya vile.

Twyla alikuwa na miaka sitini na mitatu, mfupi, mgongo umenyooka, na sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Kwa miaka ishirini na saba aliendesha basi la shule kwenye milima ile ya Kentucky, barafu na matope, na nusu ya watu wazima wa mji ule walikuwa wamewahi kukaa kwenye viti vyake na kunyamaza walipoambiwa wanyamaze. Alipostaafu aliitazama pensheni yake, akacheka kwa uchungu, kisha akachukua mkasi na gazeti la Jumapili. Leo hii chumba chake cha chini kilikuwa na rafu nne za sabuni, dawa ya meno, karatasi za chooni na nepi, na nepi zenyewe hata hakuwa na mtoto wa kumvisha. Alizigawa. Ukijifungua Blevins Fork, kabla shangazi zako hawajafika, Twyla ameshafika na maboksi mawili.

Basi mlango ukafunguliwa, wakaingia.

Jumamosi ya Tuttle ina utaratibu wake. Ukinunua vitu vya dola ishirini na tano, kuponi ya duka inakupunguzia dola tano. Hilo kila mtu analijua. Wanalokosea ni mpangilio. Ile ya tano lazima uitoe kwanza, ndipo utoe kuponi za kiwanda. Ukitanguliza za kiwanda, jumla yako inashuka chini ya ishirini na tano, na tano yako imekwenda na maji. Watu wazima wenye digrii zao wanaboronga hapo kila wiki, na Twyla huwatazama kwa huruma, lakini hajizuii kutikisa kichwa.

Siku hiyo mpango ulikuwa sabuni ya maji ya kufulia, chupa kubwa ya bluu, dola nane. Kila mwanafunzi alichukua mbili na vikorokoro vya kufikisha ishirini na tano. Twyla mwenyewe alichukua nne, kwa kuwa nne ndio ukomo wa kuponi ya aina moja, na yeye hakuwa mtu wa kuachia ukomo bila kuugusa.

"Ya tano kwanza, mwanangu," alimwambia keshia.

"Ya tano kwanza, Bi Twyla," keshia alijibu.

Keshia huyo alikuwa Maleah Combs, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mpole, mikono myepesi. Akaitoa ile tano. Kisha akaipitisha kuponi ya kwanza ya kiwanda, ya dola tatu. Mashine ikalia. Akaipitisha tena. Ikalia tena, na taa nyekundu juu.

"Imekataa," Maleah alisema, akasita kidogo.

"Imekataa nini? Mashine hiyo ina macho? Kuponi inataka chupa kubwa ya bluu, na hii ni chupa kubwa ya bluu, au mimi naona kijani?" Twyla aligonga kaunta kwa kidole. "Nazijua kuponi hizi toka hujaolewa wewe. Bonyeza."

Kuna kitufe ambacho keshia akikibonyeza, mashine inalazimika kumeza kuponi hata kama haitaki. Maleah akakibonyeza. Mara nne kwa Twyla, kisha mara mbili mbili kwa kila mmoja wa wale kumi na mmoja waliomfuata. Mara ishirini na sita kwa asubuhi moja.

Twyla alitoka na chupa nne kwa dola kumi na tano na kodi yake. Kwenye maegesho alizipanga nyuma ya gari lake la mizigo, akasimama kando, akazitazama kama mtu aliyevua samaki.

"Dola nne hata hazifiki kwa moja," alisema. "Na kuna watu wanasema maisha ni magumu."

"Mengine ni bahati tu," alisema Norvella Sizemore. Huyu alikuwa mwanafunzi wake kwa jina. Kwa maneno yake mwenyewe, alijiunga na darasa "kuona kama kuna jipya."

"Bahati hukata kuponi saa kumi na moja alfajiri, Norvella?"

Wengine wakacheka, na Norvella akafunga mlango wa gari lake kwa nguvu kidogo.

Jumanne Twyla alirudi dukani kuchukua dawa ya meno, ambayo wiki hiyo, kwa aliyejua kupanga mambo yake, ilikuwa bure. Akamkuta meneja mwenyewe yuko kwenye mashine, akihangaika kutafuta bei ya vitunguu. Garrison Voyles alikuwa na wiki tatu tu Blevins Fork, kijana wa mjini Lexington, tai shingoni kila siku kana kwamba kuna wa kumtazama. Na kutoka nyuma, kwenye mlango wa stoo, ilisikika sauti ya mtu anayelia huku akijizuia.

"Nani huyo analia?" Twyla aliuliza.

"Bi Haskett, hilo ni jambo la ndani."

"Nimelisikia nikiwa kwenye rafu ya chakula cha mbwa. Limeshatoka nje." Akampita kama mlango ulio wazi, akaingia stoo.

Maleah alikuwa amekaa juu ya boksi la maharage ya kopo, aproni imekunjwa mapajani. Macho mekundu. Meneja akaja nyuma mbio mbio, akaacha foleni ya watu watatu wakitazamana.

"Nieleze," Twyla alisema. Hakusema anamwambia nani, na meneja ndiye aliyejibu, kwa namna ile ile watoto wa basi walivyokuwa wakijibu.

Mashine, alisema, inatunza kumbukumbu. Kuponi ishirini na sita zimelazimishwa asubuhi moja na keshia mmoja. Jumamosi hii saa sita mchana lazima apeleke makao makuu ripoti ya wiki, kuanzia asubuhi ile. Ripoti ikienda na hizo ishirini na sita, makao makuu wanaita kughushi, na keshia anafukuzwa siku hiyo hiyo. "Sio mimi, ni taratibu. Nimemuuliza mara tatu nani alimwambia abonyeze. Hataki kusema."

Twyla akamtazama Maleah. Maleah akaitazama aproni yake.

Mji mzima ulijua mambo ya Maleah. Mumewe, Dwight, aliumia mgongo kwenye kiwanda cha mbao mwaka juzi na hajanyanyua kitu tangu hapo. Gari waliliuza. Watoto wawili. Kazi pekee ambayo Maleah aliweza kuifikia kwa miguu ilikuwa hii, na mwezi huu alikuwa ameahidiwa kushika funguo za duka, maana yake saa za kutosha na mshahara wa kueleweka. Akitolewa Tuttle, hakuna pengine pa kwenda mpaka ng'ambo ya mlima, maili thelathini, na hana cha kumpeleka.

"Nilimwambia mimi," Twyla alisema. "Na nilimwambia sawa. Njoo nikuoneshe."

Akatoka stoo kwa hatua za mtu anayekwenda kupokea zawadi. Akachomoa kwenye faili lake kuponi iliyobaki, akaichukua chupa ya bluu rafuni, akavipiga vyote viwili kaunta mbele ya meneja.

"Soma."

"Soma wewe, Bi Haskett, tafadhali."

Twyla akavaa miwani. "Punguzo la dola tatu. Sabuni ya kufulia. Chupa ya aunsi mia moja..." akainua kidole juu, "...au zaidi." Kisha akaigeuza chupa kutafuta namba ya ujazo, huku bado kidole kiko juu.

Kikashuka chenyewe.

"Tisini na mbili," alisema.

Aliisoma tena. Akaichukua nyingine rafuni, na nyingine. Tisini na mbili. Chupa ilikuwa ile ile aliyoinunua miaka yote, bluu ile ile, mpini ule ule, urefu ule ule. Akaipindua chini juu. Kitako kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani, shimo la kuingia ngumi. Kiwanda kilikuwa kimenyofoa aunsi nane kwa chini, kikaiacha chupa isimame kifua mbele vile vile kana kwamba haijaguswa.

"Wezi!" Twyla alisema. "Wezi wakubwa hawa!"

"Inawezekana," meneja alisema kwa upole. "Lakini kuponi inasema mia."

Aibu ilimwingia Twyla kuanzia masikioni. Yeye, aliyewafundisha watu kusoma maandishi madogo kabla ya makubwa, alikuwa hajasoma. Aliitazama rangi, basi. Alinunua rangi ya bluu. Na mtu wa kulilipia hilo alikuwa stoo, amekaa juu ya maharage.

Lakini Twyla hakuwa mtu wa kukaa na aibu akiipembeleza. Alivuta pumzi, akafungua faili lake nyuma kabisa, mahali alipotunza sheria za duka lenyewe, zimepigwa plastiki zisilowe.

"Ukurasa wa tatu," alisema. "Bidhaa isiyofunguliwa, ikiwa na risiti, inarudishwa ndani ya siku thelathini. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Ikirudishwa, mauzo yanafutwa. Mauzo yakifutwa, kuponi inakwenda wapi?"

Meneja akafikiri. Ilionekana kabisa usoni kwamba hakuwahi kuulizwa. "Inafutwa nayo. Kitufe pia. Inakuwa kama haikutokea."

"Kwa hiyo Jumamosi saa sita ripoti yako itakuwa na ngapi?"

"Sifuri. Lakini zirudi zote, Bi Haskett. Ishirini na sita. Ikibaki hata moja lazima niieleze, na nikianza kueleza watataka kuona wiki za nyuma, na mimi..." Akalegeza tai. "Sitaki kumfukuza. Ndiye pekee anayejua bei za vitu humu."

"Zitarudi zote. Watu wangu hawafungui chupa mpya ya zamani haijaisha. Nimewafunza mimi."

Kabla ya kuondoka alichungulia stoo. "Kwa nini hukunitaja jina?"

Maleah akapangusa pua. "Ningekutajaje, Bi Twyla?"

Njiani kurudi nyumbani Twyla alipata wazo zuri sana. Angewapigia simu wote kumi na mmoja awaambie sabuni imeonekana ina kasoro, kiwanda kinataka irudishwe. Nani angeuliza? Wangezileta mbio, wakimshukuru kwa kuwawahi. Hakuna ambaye angejua. Wazo lilimkalia vizuri mpaka daraja la pili, na kwenye daraja la pili akaona tu kwamba yule mwanamke alikataa kutaja jina lake mara tatu mbele ya meneja, na yeye hapa anatafuta pa kulificha. Akajitukana kwa sauti ndani ya gari, tusi ambalo kwenye basi lingemfukuzisha mtoto wiki nzima.

Alhamisi walikutana kanisani kama kawaida. Kahawa, keki ya ndizi ya Ocie Tackett, mikasi mezani. Twyla aliweka chupa moja ya bluu katikati ya meza, na kuponi kando yake. Hakukaa.

"Kabla hatujaanza," alisema. "Sabuni ile ya Jumamosi. Nilikosea."

Mikasi yote ikasimama.

"Amesema nini?" aliuliza Ocie, ambaye masikio yake yalikuwa na miaka themanini na mmoja sawa na yeye.

"Nimesema nilikosea!" Twyla alipaza sauti.

"Samahani," alisema Norvella Sizemore, ambaye masikio yake hayakuwa na tatizo lolote. "Na huku nyuma hatujasikia vizuri."

"Nilikosea, Norvella. Ni-li-ko-se-a. Nikuandikie?"

Kisha akawaeleza yote. Aunsi mia, aunsi tisini na mbili, kile kitako kilichobonyezwa, kitufe, ripoti, Maleah juu ya boksi la maharage. Aliwapitishia chupa mkononi, kila mtu akaingiza ngumi yake kwenye lile shimo na kutoa sauti ya kukerwa.

"Kwa hiyo mwalimu hakusoma," Norvella alisema.

"Hakusoma."

"Yule yule aliyenisuta mimi mbele za watu kwa ajili ya shampuu, kwamba sikusoma?"

"Huyo huyo. Furahi, shoga, furahi mpaka utosheke, nakupa dakika tano. Halafu Jumamosi saa tatu nipe chupa zako mbili na risiti."

Wanawake walikuwa wanajaribu kutocheka, na wengine walishindwa. Ajabu ni kwamba Twyla hakuumia kama alivyotegemea. Ilikuwa kama kung'oa jino. Lilikuwa bovu na sasa limetoka. Mmoja mmoja wakasema zao bado zimefungwa, ziko hivi, ziko vile, risiti wanazo. Twyla alikuwa anahesabu kwa vidole. Akafika kwa Norvella, akaona Norvella haangalii tena kwa furaha.

"Nimefungua moja," Norvella alisema.

"Umefungua?"

"Earl, huyu mume wangu, alirudi na grisi mpaka kwenye soksi. Ya zamani ilikuwa imeisha. Nilifua Jumatatu."

Twyla akakaa sasa. Ishirini na tano. Meneja alisema zote. Alifungua faili lake, akalipekua, akalipekua tena, ukurasa wa tatu ulikuwa unasema "isiyofunguliwa" na ulikuwa bado unasema hivyo kila alipoutazama. Aliona mbele yake Maleah akipanda kilima na aproni mkononi, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo aliogopa kweli kweli.

"Twyla," Norvella aliita.

"Niache kidogo."

"Twyla. Geuza ukurasa."

"Wa tatu ndio wa kurudisha vitu."

"Na wa nne ndio wa kutoridhika. Geuza." Norvella alikuwa hana faili mbele yake. Alikuwa anasema kwa kichwa. "Mteja asiyeridhika na bidhaa anaweza kuirudisha hata ikiwa imefunguliwa, akieleza sababu. Na mimi sijaridhika hata chembe. Sabuni yangu imepungua aunsi nane."

Twyla aligeuza. Ilikuwa pale pale, neno kwa neno. Akamtazama Norvella juu ya miwani yake.

"Umesoma sheria zote?"

"Nilikwambia nimekuja kuona kama kuna jipya," Norvella alisema. "Nilikuwa nazisoma wakati wewe unaongea."

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko, na Twyla akacheka kuliko wote mpaka akavua miwani. Kisha akamkatia Norvella kipande kikubwa cha keki, kwa mkono wake, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulishuhudia.

Jumamosi saa tatu magari mawili ya mizigo yalisimama mbele ya Tuttle. Walizishusha chupa ishirini na sita kwa toroli nne, na Twyla akawapanga wenye chupa kwa mstari, risiti mkono wa kulia, hakuna kusukumana. Meneja alikuwa kwenye mashine mwenyewe, kwa kuwa kurudisha vitu kunahitaji ufunguo wake. Maleah alikuwa pembeni akizipokea chupa na kuzirudisha rafuni. Hakuwa amelala vizuri, ilionekana. Kila mauzo yalipofutwa alikuwa akimtupia jicho meneja, kisha anachukua chupa nyingine.

Ya mwisho ilikuwa ya Norvella, ile iliyofunguliwa, imefungwa mfuniko kwa mpira wa nywele.

"Sababu ya kutoridhika?" meneja aliuliza, akijua.

Norvella aliipindua chupa, akaingiza ngumi kwenye shimo la kitako, akaiinua mbele ya uso wa meneja na mkono wake ukiwa ndani.

"Hii," alisema.

Meneja akaandika. Akafuta. Akatoa karatasi kwenye mashine, ndefu, akaipitia kwa kalamu kutoka juu hadi chini. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

"Sifuri," alisema. Halafu, kwa kuwa wanawake kumi na wawili walikuwa wanamkodolea macho, akarudia kwa sauti kubwa. "Sifuri. Maleah, Jumatatu uje saa moja nikukabidhi funguo."

Ocie Tackett aliuliza amesema nini, na watu watatu wakamwambia kwa pamoja. Maleah alikuwa ameshika rafu kwa mkono mmoja. Kisha akafunga aproni yake upya, akaenda kwenye mashine, meneja akampisha.

Twyla alijisikia mkubwa. Kwa nini asijisikie? Alikuwa ameharibu, akatengeneza, mbele za watu wote, na saa ilikuwa haijafika hata sita. Akachukua toroli lake, akazunguka duka kufanya manunuzi yake ya wiki kama mtu huru, akaja kusimama wa kwanza kwenye foleni, mbele ya Maleah.

"Ya tano kwanza, mwanangu."

"Ya tano kwanza." Maleah aliipitisha, lakini akaacha mkono wake juu ya vitu, hakuendelea. "Bi Twyla. Asante. Nataka nikwambie kitu, usikasirike."

"Leo sikasiriki. Sema."

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tisini na mbili. Siku ile mashine ilipolia tu, niliitazama chupa, nikaona. Nilijua kuponi haikubali."

"Ulijua? Na ukabonyeza? Mara ishirini na sita?"

"Ulisema nibonyeze."

"Mungu wangu, mtoto wewe, una watoto wawili nyumbani na mume mgonjwa! Ungenieleza! Si ungesema tu, Bi Twyla, umekosea?"

Maleah alimtazama. Hakuwa na hasira wala lawama, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa anauliza kwa kutaka kujua.

"Nani hapa mjini amewahi kukuambia hivyo?"

Twyla akageuka kuangalia foleni, kutafuta hata mmoja wa kusema ah, huyu anatia chumvi. Ocie alikuwa anasoma pakiti ya bazoka za kutafuna. Meneja alikuwa anatazama dari. Norvella Sizemore, ambaye siku zote ana la kusema, alikuwa anatazama viatu vyake.

Ilimchoma. Ilimchoma kuliko Alhamisi, kuliko ile tisini na mbili. Alidhani aunsi nane ndizo zilizotaka kumpokonya yule mwanamke kazi, na alikuwa amezirudisha zote dukani kwa toroli nne. Kumbe aliyetaka kumpokonya kazi alikuwa yeye, na kidole chake kile cha kugonga kaunta. Macho yakamwasha. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa.

Kisha akachukua kuponi zake zote za wiki, bunda zima, akazisogeza kwenye kaunta mpaka mkononi mwa Maleah.

"Zisome," alisema.

"Zote?"

"Moja moja, na kila kitu chake. Kwa sauti, nisikie. Ikikataa, usiniulize mimi. Niambie."

Maleah akawatazama watu waliokuwa wanasubiri. Hakuna aliyelalamika. Akachukua ya kwanza. "Dawa ya meno, aunsi tano na nusu," alisoma, akaligeuza boksi. "Sawa." Ya pili, sabuni ya vyombo. Sawa. Ya tatu aliisoma mara moja kimya, kisha akaisoma kwa sauti.

"Karatasi za jikoni. Punguzo la dola mbili ukinunua pakiti mbili." Akaishika pakiti iliyokuwa kaunta. "Umechukua moja, Bi Twyla. Umekosea."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Twyla alifungua mdomo, na neno lilikuwa tayari ulimini, kwamba wiki iliyopita ilikuwa moja, kwamba anazijua kuponi hizi tangu lini. Akaufunga. Akainama, akaisoma kuponi mwenyewe, polepole, maandishi madogo kwanza.

"Mbili," alisema. "Nimekosea." Akawageukia waliokuwa nyuma yake. "Jamani, nisubirini kidogo."

Akatoka kwenye foleni, akaenda mwisho wa duka kwenye rafu ya karatasi za jikoni kuchukua ya pili.